Uzito wa Mwalimu

Kwako dada yangu mpendwa,

Kwa heshima zote, na baada ya tafakuri ndefu, nachukua nafasi hii kukutangazia wewe, shemeji, watoto, na yeyote atakayekuwa amesimama nyuma yako akichungulia, kwamba ile mizani ya bafuni uliyonipa baada ya msiba imepona. Kwa miaka minne sindano yake iling'ang'ania sifuri. Kila asubuhi nilipanda na kushuka nikiwa mtu asiye na uzito wowote, jambo ambalo wengi kazini kwangu wangelitolea ushahidi. Jana Jumapili niliifungua kwa bisibisi, nikakuta kifungo cha shati kimekwama chini ya bamba. Nimekitoa. Sipringi sikuigusa. Sherehe hazitakuwepo.

Sasa shikamoo, dada. Natumaini barua hii itakukuta umesimama wima, mgongo umekuachia, na shemeji anaendelea kukoroma kwa afya njema. Watoto wote nawasalimu. Yule wa mwisho mwambie jino likishang'oka halirudi kwa gundi, hata kama mjomba ndiye aliyesema. Mimi mwili haujambo. Nakula, nalala kidogo, na nguo zangu zote nimezifua. Utajiuliza nimepata wapi nafasi ya kufua nguo zote na kutibu mizani, mtu ambaye miaka yote hii jibu langu lilikuwa moja tu, kazi imenibana. Utajiuliza pia kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungenikatisha, nami ningeshukuru kukatishwa. Ndiyo maana naandika, na naomba ufike mwisho. Kama unasoma jikoni, zima jiko kwanza, ukae.

Nianze na Bwana Pole. Humwiti hivyo wewe, lakini unamjua: ndiye mwenye ile ofisi ya mazishi nyuma ya kituo cha mabasi, aliyemzika baba. Yule mnene wa sauti nyembamba, anayekushika mkono kwa mikono yake yote miwili na kukurudishia taratibu kana kwamba ni chombo cha watu. Jina hilo amelipata kwa sababu husema pole kwa kila kiumbe. Humpa pole mfiwa, humpa pole aliyekuja kusoma mita ya maji, na siku moja alisikika akimpa pole mbuzi aliyefungwa nje ya lango. Chini yake walikuwa watu watatu: dereva wa gari la maiti, fundi wa majeneza, na mama mmoja wa makamo anayeosha na kuvalisha maiti, ambaye mtaa mzima humwita Mama Sabuni.

Wiki sita zilizopita, Mama Sabuni aliingia ofisini kwetu, kituo cha polisi, akakaa mbele ya meza yangu bila kukaribishwa, akasema amekuja kutapika. Nikasogeza makaratasi. Akasema si hivyo. Ndipo akaniambia kwamba yule dereva wao, ambaye miaka minne nyuma ilisemekana ametoroka na mwanamke, hakutoroka na mtu. Alitoka pale kwa lango la mbele, ndani ya sanduku, watu wakimlilia mtu mwingine.

Alivyonisimulia ni hivi. Bwana Pole alikuwa na mchezo wake. Jeneza likiwa la mbao nzuri, lilizikwa leo na baada ya siku mbili likafukuliwa, marehemu akaachwa na shuka yake, na sanduku likapigwa randa na kuuzwa upya. Dereva hakuwa anajua; kazi hiyo ilifanywa na vibarua wa makaburini. Lakini siku moja alitakiwa kupakia jeneza jipya akaona ubavuni mkwaruzo alioutia yeye mwenyewe wiki iliyopita, alipolibamiza kwenye lango wakati wa kurudi nyuma. Dereva mwingine angenyamaza, kwa sababu mkwaruzo ule alikuwa amekwisha kusingizia wengine. Huyu akasema atakwenda kwa wafiwa, nyumba kwa nyumba. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, wenzake wametoka. Mama Sabuni alirudi kuchukua miwani aliyoisahau. Akamkuta dereva amelala juu ya meza ya kuoshea, na Bwana Pole amesimama pembeni anafuta mpini wa sururu. Bwana Pole akampa pole kwa kumshtua, akasema kijana amezimia kwa joto, akamwambia aende nyumbani apumzike hadi kesho. Mama Sabuni akaniambia kwamba hakuhitaji miwani kujua. Dereva alikuwa amevaa viatu. Aliyezimia huvuliwa viatu kwanza, dada, na juu ya meza ile hakuna anayelazwa kama ataamka. Wanaozimia hulazwa kwenye benchi la nje. Kesho yake mwili haukuwepo, na hakuna kilichotoka langoni ila masanduku; aliiosha ile meza mwenyewe, akanyamaza miaka minne kwa sababu ana wajukuu na Bwana Pole anajua wanakosoma.

Kilichomfungua mdomo ni pole. Mke wa yule dereva alikuja kupanga mazishi ya mama yake. Bwana Pole akamshika mkono kwa mikono miwili, akampa pole mara tatu, kisha akamuuliza kwa upole kama yule bwana aliwahi kuleta habari zozote. Mama Sabuni alikuwa anapita na beseni. Aliliangusha, na hakuliokota. Alikuja moja kwa moja kwetu na aproni yake.

Hapa, dada, naanza kuona aibu, na bado tuko mbali. Huyo mke wa dereva nilikuwa namjua. Wakati ule mimi ndiye niliyekaa kwenye meza ya watu waliopotea. Alikuja Jumatatu asubuhi na picha ya mumewe na kopo lake la chakula. Akaniambia kwamba mumewe angeweza kumwacha yeye, hilo haapii, lakini kopo lile asingeliacha, alikuwa nalo tangu kabla ya ndoa. Nikamtazama, nikamwambia kwamba madereva wana tabia hiyo, na kwamba atarudi mafuta yakimwishia. Nilijisikia mcheshi. Alipotoka niliwarudia wenzangu maneno hayo wakavunjika mbavu, na kwa muda wa mwaka mzima ikawa ndiyo salamu yetu: vipi, mafuta yameisha? Kitabuni niliandika kwamba mhusika ameondoka kwa hiari yake na mwanamke asiyejulikana. Asiyejulikana kweli, kwa sababu nilimtunga mimi.

Jumatatu ile ilikuwa siku ya pili baada ya kumzika baba. Unakumbuka ulinisihi nibaki nyumbani hadi wageni waondoke, nikasema kazi haingoji. Nilitaka waone nilivyo mkakamavu. Bega langu la kulia lilikuwa limevimba kwa kubeba jeneza, na nilikuwa nalisugua huku naongea na yule mama. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia nimemzika baba. Akanipa pole, na yake ilikuwa ya kweli.

Basi, kesi ikaanza. Mkuu wetu wa sasa alihamia mwaka jana, hakuwepo kwenye msiba wetu, na wala hanijui nyumbani. Akatafuta orodha ya mazishi: siku iliyofuata baada ya dereva kulazwa mezani, ofisi ya Bwana Pole ilizika watu watatu. Bibi kizee mmoja, muuza nyama mmoja, na mwalimu mmoja mstaafu. Dereva alikuwa katika mojawapo ya masanduku hayo. Lakini hakimu akakataa kusaini. Akasema hawezi kufukua makaburi matatu kwa maneno ya mama mmoja aliyekaa nayo miaka minne. Tumletee kaburi moja na ushahidi wake, atasaini hata akiwa anakula. Mkuu akaniuliza kama kuna familia ninayoifahamu kati ya hizo tatu. Nikasema nitafuatilia. Ni jibu zuri sana hilo, nimelitumia maisha yangu yote.

Bwana Pole nilimhoji mimi. Alinipa pole kwa usumbufu wa kupeleleza. Akasema dereva alikimbia na mwanamke, na kama nina shaka nikaangalie kitabu cha polisi, kwani anasikia ofisa mmoja makini sana aliliandika jambo hilo kwa mkono wake. Alisema hivyo akinitazama machoni, na akanisindikiza hadi langoni.

Ikabaki njia moja, na ilikuwa ya fundi. Jina la utani ni Fundi Futi. Ni mzee mkavu, mrefu, penseli sikioni, na ana ugonjwa wa kupima. Sijakaa vizuri kwenye kigoda chake akanipima kwa macho, akaniambia futi tano na inchi nane, mabega inchi ishirini na mbili, na kwamba nisinenepe zaidi maana mbao za upana huo siku hizi ni shida. Nikamwambia sijaja kuagiza. Akasema wote husema hivyo. Nilipomuuliza kuhusu masanduku matatu ya miaka minne iliyopita, akacheka. Akasema tangu siku ile ametengeneza mamia, na kichwa chake hakiweki kitu, ila ukuta unaweka. Karatasi haziamini, kwa sababu karatasi huliwa na panya na kukopwa na watu kwa kuwashia moto. Kila jeneza analolitengeneza huandika vipimo vyake kwa penseli kwenye ukuta wa karakana, uliopakwa chokaa: tarehe, marehemu alikuwa mtu wa namna gani, urefu, upana, kina. Jina haandiki, anasema mbao haziulizi jina. Ukuta huo umejaa kuanzia sakafuni hadi juu ya mlango. Akaniruhusu niusome nitakavyo, yeye akatoka kwenda kuchagua mbao.

Nilisoma ukuta ule peke yangu, mchana, jua likiingia dirishani. Kisha nikarudi nikamwambia Mkuu kwamba maandishi ni mengi, yamefifia, sikupata kitu.

Mkuu hakuridhika. Ni mtu anayependa kuona mwenyewe hata maji yakichemka. Kesho yake akaenda, mimi nyuma yake, na hakuchukua dakika kumi. Tarehe ile ilikuwa na bibi kizee, kina inchi kumi na nne. Ilikuwa na muuza nyama, kina inchi kumi na saba, na pembeni fundi ameandika kwamba alikuwa na tumbo. Chini yake palikuwa na doa safi, upana wa kiganja na nusu, mahali ambapo mtu alifuta kwa kitambaa kilicholowa. Mkuu akageuka akamtazama fundi. Fundi alikuwa anautazama ukuta kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umevunjwa. Akasema hajawahi kufuta ukuta wake hata siku moja, hata alipokosea. Akikosea hukata kwa mstari na kuandika upya. Hakuna aliyemwamini. Yeye ndiye aliyetengeneza sanduku, ukuta ni wake, na doa lilikuwa bichi. Mkuu akasema mwenye kufuta ndiye mwenye kuficha. Akafungwa pingu, penseli bado sikioni.

Siku ya tatu tulimrudisha karakana atuonyeshe vifaa vyake. Akaomba asimame mbele ya lile doa. Alilikagua muda mrefu, akapima kwa shubiri kutoka sakafuni, maana futi kamba alikuwa amenyang'anywa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa oda, kwamba aliyefuta alifuta kwa mkono wa kulia, akiwa amesimama bila kuinama wala kujinyoosha, na kwamba ni mtu wa futi tano na inchi nane. Mkuu akamwambia aache uganga. Fundi alinitazama mara moja tu, kuanzia bega hadi bega, akarudi mwenyewe garini.

Nimejaribu kukueleza kwa mpangilio, dada, lakini hapo nyuma nimeruka hatua moja. Umekwisha kuiona, tangu utoto hujawahi kunikosa.

Nilipousoma ule ukuta peke yangu nilipata mistari yote mitatu. Ule wa tatu ulisema hivi, nimeukariri: Mwalimu mstaafu. Mwembamba sana. Urefu futi tano inchi tisa, upana inchi kumi na sita, kina inchi kumi na mbili. Inchi kumi na mbili zimekatwa kwa mstari, na juu yake imeandikwa ishirini na sita. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: kina kimeongezwa kwa amri ya mkubwa, sababu sikuambiwa.

Nilisimama pale nikausoma kama mara kumi. Halafu nikatoa leso, nikaitemea mate, nikafuta. Sikufikiri. Au niseme ukweli: nilifikiri kwa haraka sana, na nilichofikiria si baba, wala si dereva. Nilifikiria bega langu.

Maana mimi nilijua. Kesi ilikuwa haijazaliwa, nami nilikwisha kujua kwamba kuna kitu. Wewe ulikuwa nyuma na wanawake, lakini uliona. Jeneza la kawaida hubebwa na watu sita. Lile tuliingia sita tukalishindwa, wakaongezwa wawili, na bado tulilitua chini mara tatu kabla ya kufika kaburini. Lilikuwa kama kabati la nguo lililolazwa. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mwalimu alikuwa mtu mzito, na mimi, dada, badala ya kushtuka, nikavimba. Nikasimama pale juu ya udongo nikatoa ile hotuba. Unaikumbuka. Nilisema kuna watu ardhi yenyewe inajua kwamba wanakuja. Wazee wakatikisa vichwa, mmoja akalia. Wewe hukulia. Ulinitazama kama mtu anayesikia hesabu isiyofika. Jioni yake ukaniuliza kwa nini sanduku lilikuwa zito vile, nami nikakujibu kwamba ni mbao ngumu, nilizichagua mwenyewe. Sikuchagua hata msumari. Nilimwambia Bwana Pole afanye yote anavyojua, nikaenda kunyolewa.

Wewe ndiye uliyemwogesha baba miezi tisa. Ulikuwa unambeba kutoka kitandani hadi bafuni kwa mikono yako, peke yako, na mgongo wako huo. Kila Jumapili ulimkalisha juu ya mizani, unamshikilia kwa kidole kimoja tu asiyumbe, ukaandika nyuma ya kalenda. Kalenda hiyo ninayo, ilikuja imeviringishwa ndani ya boksi la mizani. Jumapili ya mwisho umeandika arobaini na moja, ukapiga mstari chini. Kama kulikuwa na mtu mmoja duniani wa kuulizwa kama sanduku lile lina haki ya kuwashinda watu sita, ni wewe, na ulikuwa hatua kumi kutoka kwangu.

Sasa lile kubwa, ambalo hata katika maelezo yangu ya polisi sikuliandika, kwa sababu halikuwahusu. Linakuhusu wewe.

Ulitaka kumwona baba mara ya mwisho. Uliniomba mbele ya watu, jeneza lifunguliwe hata dakika moja. Nikakataa. Nilisema ugonjwa umemharibu sura, tumkumbuke alivyokuwa, na kwamba mimi kama mwanamume wa nyumba hii nimeamua lifungwe kwa skrubu. Watu waliniona nina busara. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijaja kumwona kwa miezi saba. Nakaa mwendo wa dakika arobaini kwa basi. Kila wiki kulikuwa na kesi, na wiki ambazo hazikuwa na kesi nilikuwa na mafua. Nilijua kwamba sura ile ikifunguliwa, kila mtu atakuwa anaifahamu isipokuwa mimi, na nitashtuka, na watauona mshtuko wangu. Kwa hiyo nilimpigia simu Bwana Pole asubuhi na mapema, siku moja kabla ya mazishi, nikamwagiza kwamba sanduku la mwalimu lifungwe na lisifunguliwe kwa sababu yoyote. Akanipa pole. Akasema ni uamuzi wa kiungwana.

Mchana wa siku hiyo hiyo dereva akaona mkwaruzo. Masanduku yalikuwa matatu pale ndani. Bibi kizee wajukuu zake walikuwa wamejipanga kumbusu, na muuza nyama hakuacha nafasi. La tatu lilikuwa la mtu mwembamba kupita wote, na mwanawe, ofisa wa polisi, amekwisha kuagiza kwamba hakuna atakayechungulia. Bwana Pole hakuhitaji hata kufikiri, nilikuwa nimekwisha kufikiri kwa niaba yake.

Fundi amekaa mahabusu siku kumi na moja kwa ajili ya leso yangu. Maelezo yake niliyaandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri, na kila nilipomuuliza alijibu kwa heshima, akiniita afande. Siku ya kumi na moja, Ijumaa iliyopita, aliniuliza kitu kimoja tu, kama nimewahi kuugusa ule ukuta baada ya kufuta. Hakusema baada ya kufutwa. Akasema yeye huandika kwa kukandamiza, penseli inaingia kwenye chokaa. Mate yanaondoa weusi, lakini mfereji unabaki. Ukipitisha kidole unasoma. Nilikwenda nikapitisha kidole. Inchi ishirini na sita.

Nikaingia kwa Mkuu, nikasema, nikaandika, nikasaini. Alisoma mara mbili. Hakunifokea. Aliomba kitambulisho na funguo za droo yangu, akaniambia nikae nyumbani nisisafiri, nitaitwa, na kwamba yangu nayo itakuwa kesi. Ndiyo siri ya kufua nguo. Fundi alitolewa saa hiyo hiyo. Bwana Pole walimkamata Jumamosi asubuhi akiwa anamfariji mjane, na nasikia alimpa pole askari aliyemfunga pingu, kwa kuwa pingu zilikuwa ngumu.

Nilikwenda kumwomba radhi fundi. Alikuwa anapaka penseli upya ndani ya ile mifereji. Akaniambia nisisogee ukutani. Nikamuuliza kama kuna lolote ninaloweza kumfanyia. Akasema hapana, vipimo vyangu anavyo.

Kisha nikaenda kwa mke wa dereva. Alinikaribisha kiti. Nilimweleza yote, akasikiliza hadi mwisho mikono mapajani. Akanikumbusha kwamba nilisema atarudi mafuta yakimwishia. Halafu akauliza swali moja, kama mumewe alikuwa amewekwa juu ya marehemu au chini yake. Nikamwambia hilo sijui. Akasema si kitu, alitaka tu kujua kama baba yetu aliumizwa. Dada, alisema hivyo. Nilitoka pale nikakosea mlango, nikaingia stoo.

Sasa ombi. Hakimu amesaini. Kaburi la baba linafunguliwa Alhamisi hii, saa tatu asubuhi, na sheria inataka mtu wa familia awepo, wa kusema kwamba huyu ni wetu na huyu si wetu. Mimi siruhusiwi kukaribia. Ni wewe. Najua hii si namna uliyotaka kumwona. Ukisema huwezi, hakuna atakayekulaumu, nao watamtafuta baba mdogo. Lakini safari hii hakuna mwenye haki ya kukuamulia, na sanduku litafunguliwa. Mke wa dereva naye atakuwepo. Nimemwelekeza kwamba wewe utakuwa yule mrefu, umevaa viatu vya kazi.

Sikuombi unisamehe kwa barua hii. Naomba tu uisome hadi hapa, na kama umefika, ahsante. Mwenzangu wa zamani anapita huko kesho, ameahidi kukukabidhi mkononi na kungoja jibu. Nisalimie shemeji. Watoto waambie mjomba ana likizo ndefu. Majirani wakiuliza, waambie ukweli, maana watausikia mahakamani, na afadhali wausikie kwa mtu asiyetia chumvi.

Ni mimi mdogo wako,
yule uliyekuwa ukimwita Bwana Mkubwa, na sasa najua kwa nini ulikuwa unacheka.

Nilisahau. Leo asubuhi, ili nijue kama mizani imepona kweli, niliazima dukani mifuko minne ya unga ya kilo kumi kumi, iliyofungwa kiwandani, nikaipandisha yote. Sindano ikasema arobaini na mbili. Mizani yako inazidisha kilo mbili. Jumapili ile ya mwisho baba alikuwa na kilo thelathini na tisa.